Mradi wa mbele ya nyumba, Goba: tumefikia pevingi

Mpaka sahivi mbele pamekaa hivi: gata zimefungwa, ukuta umekwanguliwa wote, pevingi (vile vitofali vya zege vya kutandika chini) zimelazwa toka getini mpaka barazani. Rangi bado, geti bado. Naandika sasa maana nikimaliza nitasahau kipi kilitangulia kipi.

Nyumba yenyewe ya kawaida tu, tofali za saruji, bati la msauzi, kibaraza na nguzo mbili, na ipo upande wa chini wa barabara ya mtaa, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanajiamulia yenyewe yapite kwa nani. Udongo wa huku mwekundu. Sasa bati halikuwa na gata hata moja, maji yanadondoka ukingoni yanapiga chini yanarusha tope ukutani, miaka yote hiyo, mpaka ukisimama getini unaona mstari kabisa, kama nusu mita ya chini ni kahawia na huko juu ni krimu iliyochoka. Ule mkanda wa rangi nyeusi au chokoleti mnaouona chini ya kuta za nyumba nyingi hapa Dar kazi yake kubwa ndo hiyo, kuficha tope. Mimi sikuutaka, nilitaka tope lenyewe lisifike.

Fundi rangi alivyokuja akazunguka dakika mbili akasema, "Bosi hapa tunaskimu, tunapiga wezagadi koti mbili, watu watadhani umehamia leo." Yaani asawazishe ukuta kwa skimu, ile lipu laini ya juu, alafu rangi ya nje ya kuhimili mvua. Nikamwambia fundi hebu weka kidole hapa. Chini ya dirisha la sebuleni rangi ilikuwa imevimba, ukibonyeza inapasuka kwa sauti alafu unamwagika unga mweupe laini, unabaki kwenye vidole. Ule unga ni chumvi ya ukuta wenyewe. Maji yanaingia kwenye plasta na tofali, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye mchanga na saruji, jua likiwaka yanatoka nje yanakauka na chumvi inabaki pale pale nyuma ya rangi inaisukuma. Ukiskimu juu yake mwakani unamwita fundi tena, labda ndo alichokuwa anataka sijui.

Kwa hiyo tukaanza na maji. Kabla ya gata ikabidi tubadilishe fisha bodi za upande mmoja, zile mbao za ukingoni mwa paa zinazoshika gata, zilikuwa zimeoza ukichoma bisibisi inazama. Gata tumeweka za plastiki, bomba mbili za kushusha, moja inaingia kwenye tanki la lita 2000 na nyingine inapeleka mtaroni. Sehemu hii haina cha kupigia picha, lakini bila hii hayo mengine yote ni kazi bure.

Ukuta tulikwangua kwa brashi ya waya ukiwa mkavu, hakuna kuosha, ukimwagia maji ile chumvi unairudisha ndani. Sehemu mbili plasta ilikuwa imekufa kabisa, ukigonga inalia ndani tupu, tukapiga upya, na plasta mpya mimi siipigi rangi kabla ya wiki nne kama hivi. Kupima unyevu nilifanya kienyeji: kipande cha nailoni, selotepu pande zote nne, unaacha mpaka kesho yake, ukikuta matone kwa ndani basi ukuta bado una maji. Chini ya dirisha ilichukua karibu kiangazi chote, Januari na Februari, fundi akawa anapita anachungulia nailoni zangu anacheka.

Pevingi sasa. Hapa ndo hela ilipoishia kiukweli. Tumechukua za unene wa milimita 60, zinatosha kwa gari ndogo, kama unaingiza lori la mchanga mara kwa mara chukua za 80. Fundi pevingi alitaka kuchanganya nyekundu, njano na kijivu aandike maua, nikakataa, kijivu tupu. Chini ni moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa kwa kompakta, juu yake mchanga, na mteremko unashuka sentimita 2 kila mita kwenda upande wa geti, mbali na nyumba. Pembeni kabistoni, yale mawe ya zege ya ukingoni, zimejengewa zege, bila hizo pevingi zinaanza kutembea. Halafu mambo mawili niliyoyang'ang'ania mpaka tukataka kugombana: pevingi ziwe chini ya usawa wa msingi kwa sentimita 15 hivi, maana wengi wanajaza udongo mpaka pevingi inapita mstari wa kuzuia unyevu (ile tabaka inayowekwa juu ya msingi maji yasipande) na ukuta unaanza kunywa maji upya, na kati ya pevingi na ukuta nimeacha nafasi ya nusu mita, nimejaza kokoto. Tone likidondoka pale halirushi kitu.

Maua ni idara ya mama watoto. Ashoki mbili pande za geti, asmini chini ya dirisha, bogenvilia kwenye fensi. Ile bogenvilia alikuwa anaimwagilia kila jioni na haitoi hata rangi moja, majani tu, tumeipunguzia maji ndo imeanza kuwaka. Yale mekundu yenyewe ni majani, ua ni kale kadude keupe kadogo katikati. Nje ya fensi tumeotesha ukoka tu, ile ni hifadhi ya barabara na sitaki kujenga kitu cha kuja kupigwa X kibomolewe.

Rangi nimejaribu vipande vinne ukutani nikaviangalia asubuhi, saa saba na jioni. Nyeupe saa saba inaumiza macho. Nimebaki na rangi ya mchanga, nguzo nyeupe. Masimba ya zege juu ya nguzo za geti, hapana, samahani kwa wenye nayo.

Geti linasubiri msasa na redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, alafu nyeusi isiyong'aa. Rangi ya ukuta naisogeza mpaka masika ipite, nione chini ya dirisha kama patatoa unga tena. Fundi kanuna, anasema Juni bei ya ndoo itakuwa imepanda, nikamwambia sawa, nitalipa ya Juni.