Kidevu kama ganda la fenesi

Jana kinyozi amenitoza dola 35, bakshishi mbali. Yule wangu wa Majengo nilimpa mia na spiriti akanipaka. Lakini bei naizoea. Kilichonikera ni paredi ya asubuhi hapa jeshini Marekani: sajini kanisogelea hadi nikanusa kahawa yake, akatazama ndevu zangu, akauliza kama nimeingia jeshini au melini. Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, ungefanyaje?

Ndevu zetu sisi weusi zimejisokota. Wembe ukizikata chini kabisa, ncha zinageuka na kuchoma ngozi kwa ndani, kidevu kinakuwa ganda la fenesi. Zamani daktari akikupa cheti cha kutonyoa kwa wembe, unapunguza kwa mashine, yameisha. Tangu Julai 2025 jeshi la Marekani limebana: vyeti vikizidi miezi 12 ndani ya miezi 24, unaweza kuachishwa kazi. Wanasema barakoa ya gesi lazima ikaze usoni. Haya. Lakini wanaopanga foleni kuomba hicho cheti, wengi ni sisi weusi.

Na mwili huuhuu kwingine wameupokea, tena kupita kiasi. Walisikia tu "Kenya" wakaniweka mbele kwenye mbio. Mimi mtu wa Mombasa! Mbio zangu ni za kudandia matatu pale Buxton. Wiki ya pili wakaujua ukweli. Kisha kwenye mwendo wa maili 12, begi kilo 16 mgongoni, malengelenge yakanipasuka. Kijana mzungu wa Alabama akapiga magoti, akanivua buti, akanifuta damu na kunifunga plasta, bila kinyaa. Miguu ambayo mamangu hajaishika tangu niko chekechea! Huyo namwita ndugu na simtanii.

Mnaoniandikia "kaka nipe njia": grini kadi kwanza, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, bila hiyo usihangaike. Uraia utauomba ukiwa jeshini, na ada hulipi. Wembe uwe wa makali mamoja, lowesha kwa maji moto, fuata nywele zinavyolala. Na usimpe wakala hata shilingi, hakuna wakala wa jeshi.

Jana usiku nilikuwa kwenye kioo nikijikwangua, taulo lina madoa ya damu. Yule wa Alabama, mashavu laini kama yai, akasimama mlangoni.

"Kumbe huwa inauma?"

Miaka miwili tunatumia bafu moja.