Coca-Cola ya Meksiko: unalipia sukari au chupa?

Katika maduka mengi ya Marekani Coca-Cola iko ya namna mbili: ya kopo, iliyojazwa hukohuko, na ya chupa ya kioo ya mililita 355 yenye maandishi “Hecho en México” (yaani imetengenezwa Meksiko), ambayo ni ghali zaidi. Aliyekulia kwenye soda za kreti, Dar au Mombasa, ataizoea mara moja: kioo, kizibo cha bati, na sukari ya miwa.

Chanzo cha tofauti ni bei. Marekani huwekea mipaka sukari ya kutoka nje, kwa hiyo sukari huko ni ghali, ilhali mahindi ni tele. Kufikia 1984 Coca-Cola ya huko ilikuwa imehamia kwenye sharubati ya mahindi, ambayo sukari yake ni ya aina mbili sahili: fruktosi kwa takriban asilimia 55, na iliyobaki karibu yote ni glukosi.

Wengi huishia hapo: miwa njema, mahindi mabaya. Lakini sukari ya miwa nayo ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, na soda hii ni kali kwa asidi, pH (kipimo cha asidi; namba ndogo ni kali zaidi) kama 2.5. Asidi hiyo huzitenganisha polepole tangu siku ya kujazwa, na joto huongeza kasi. Chupa iliyokaa ghalani miezi kadhaa imeshaukaribia mchanganyiko wa kopo. Basi angalia tarehe, na usichukue iliyopangwa dirishani juani. Anayeinunua kwa ajili ya afya ndiye anayejidanganya kabisa: zote mbili zina gramu 39 za sukari kwa mililita 355.

Kioo, kwa maoni yangu, ndicho kinachostahili ile pesa ya ziada. Hakivujishi gesi kama plastiki.

Ukitaka kuhakikisha, poza zote friji moja usiku kucha (si kwenye friza, chupa itapasuka). Mwenzako amimine kwenye vikombe vitatu vinavyofanana, viwili soda moja, cha tatu nyingine, bila wewe kuona. Taja kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja kati ya tatu, hivyo rudia mara sita au zaidi. Watu hukosea kwa kuonja moja baridi na nyingine vuguvugu. Yenye joto huonekana tamu zaidi.

Bei ikikubana, subiri Pasaka ya Wayahudi. Kwa ajili ya Wayahudi wasiokula mahindi siku hizo, baadhi ya miji huuza Coca-Cola ya plastiki yenye kizibo cha njano, isiyo na mahindi. Hapo unapata sukari bila kioo.