Saa za afya mkononi mwa watu wa chukudu

Ukipima mwendo wa watu kwa saa ya mkononi inayohesabu hatua, angalia kazi zao kwanza. Anayesukuma chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili cha kubebea mizigo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hushika usukani kwa mikono miwili. Mkono hauyumbi, kwa hiyo saa huhesabu hatua chache kuliko alizotembea. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, ni kinyume: mawe ya volkano yanamtikisa, saa inamwandikia hatua naye ameketi! Kwa watu hawa funga kipimo kiunoni au pajani, na uhifadhi data ghafi ya mtikisiko, yaani vipimo vyenyewe kabla ya kugeuzwa hatua, sampuli 30 kwa sekunde, si jumla ya hatua tu.

Simu zinazopokea data ya saa ndizo zinazosumbua zaidi. Android huzima programu ya kukusanya data kimyakimya ili kuokoa betri. Iruhusu ifanye kazi bila kizuizi siku ileile ya kuiweka, la sivyo pengo la data utalidhania usingizi. Data itumwe kwa wifi, usimlie mtu mega zake. Na uliza kila wiki: simu hii ilibebwa na nani?