Hata Herode alisema anataka kwenda kusujudu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Somo la wiki hii ni Mathayo 2:1-18 na Luka 1:46-55, kama Biblia iko karibu fungua kabisa maana sitanukuu yote hapa.

Kila Krismasi ikifika wakuu wa nchi wanatoa salamu, marais, wafalme, mawaziri wakuu, na sisi watu wa Mungu tumezoea kuzisikiliza kwa sikio moja tu: kamtaja Yesu au hajamtaja? Akimtaja tunafurahi, klipu inazunguka kwenye magrupu, "huyu ni mcha Mungu jamani", asipomtaja akasema tu heri ya sikukuu basi tumenuna, dunia imeisha. Sasa nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu kwenye Krismasi ya kwanza kabisa alikuwepo mkuu wa nchi aliyeongea kiroho vizuri sana na tunajua alichofanya.

Mwangalie Herode. Mamajusi wamefika Yerusalemu wanauliza yuko wapi mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa, mzee anafadhaika na mji mzima pamoja naye (hawa watu wa mjini walikuwa wanamjua, mkubwa wa namna ile akifadhaika kuna watu wataumia). Lakini haonyeshi. Anaita wakuu wa makuhani na waandishi, anawauliza swali la kitheolojia kabisa, Kristo azaliwa wapi, nao wanamjibu kwa Maandiko, nabii Mika, Bethlehemu ya Uyahudi, jibu sahihi bila kosa hata moja. Yaani ana jopo la washauri wa dini, ana mstari mkononi, ana jina la Kristo mdomoni. Halafu anawaita wageni kwa siri, anawaambia nendeni mkamtafute vizuri huyo mtoto, mkimwona nileteeni habari ili na mimi niende nikamsujudie. Ukiikata hiyo sentensi ukaisambaza peke yake bila jina la msemaji, mbona tungeitikia amina wote. Mistari michache mbele watoto wa kiume wa Bethlehemu na viunga vyake, wa miaka miwili kushuka chini, wamechinjwa.

Sasa weka pembeni tangazo lingine la serikali, lile la Luka 2:1. Kaisari Augusto ametoa amri watu wote waandikwe orodha ya majina. Sensa. Hamna Mungu ndani, hamna nabii, hamna kusujudu, ni karatasi ya utawala tu kama karatasi zingine, na huyo Kaisari mwenyewe sarafu zake zilikuwa zinamwita mwana wa mungu kwa hiyo msidhani ni mtu wa kwetu. Lakini ni amri hiyo kavu kavu iliyomtoa Mariamu Nazareti na mimba yake ikamfikisha Bethlehemu, palepale Mika alipopasema. Tangazo lisilo na neno hata moja la dini likafanya kazi ya Mungu, na maneno matamu ya kusujudu yakatumwa kumtafuta mtoto ili auawe. Mi hii huwa inanifanya nitulie kabla sijashangilia hotuba ya mtu.

Simaanishi kila kiongozi anayemtaja Yesu ni Herode, jamani msininukuu vibaya. Wapo wanaomaanisha. Nasema tu ulimi peke yake haupimi kitu, na Biblia imejaa mifano, hata Nebukadneza baada ya tanuru la moto alitoa waraka rasmi wa kumsifu Mungu wa Shadraka, Meshaki na Abednego, na kwenye waraka huohuo akaagiza atakayemsema vibaya Mungu huyo akatwe vipande vipande (Danieli 3:29). Lugha imeokoka, hasira bado.

Turudi kwenye salamu za zama zetu. Mwaka 1932 mfalme George V wa Uingereza alisoma salamu za Krismasi redioni kwa mara ya kwanza, na maneno yale aliandikiwa na Rudyard Kipling, mwandishi maarufu. Hilo si dhambi, viongozi wengi wanaandikiwa, ila ujue unaposema "rais kanukuu Isaya, kaguswa" kuna uwezekano aliyeguswa ni mwandishi wake. Na mwandishi wa hotuba ana kazi ya kuchagua, mstari upi uingie na upi ubaki, na uchaguzi ndio wa kuangalia kuliko kuhesabu jina la Yesu limetajwa mara ngapi.

Mfano ninaoupenda ni wa Desemba 1958. Marekani walirusha setilaiti yenye sauti ya rais Eisenhower iliyorekodiwa, salamu za Krismasi kutoka angani, na alichosema ni kwamba anafikisha kwa wanadamu wote matakwa ya Marekani ya amani duniani na nia njema kwa watu kila mahali. Mtu anayesoma Biblia anajua hayo maneno yametoka wapi, Luka 2:14, wimbo wa malaika. Lakini wimbo wenyewe unaanza "Atukuzwe Mungu juu mbinguni" ndipo inakuja "na duniani iwe amani". Nusu ya kwanza imebaki chini, nusu ya pili imepaa, na amani ambayo malaika wanaileta kutoka kwa Mungu sasa inatoka Marekani. Na kilichoipandisha huko juu ni roketi ya Atlas, ile ambayo ilikuwa inatengenezwa iwe kombora la kubeba mabomu ya nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Amani duniani, imepanda kombora. Sidhani Eisenhower alikuwa anadanganya, alikuwa mwanajeshi aliyeiona vita kwa macho yake na pengine aliitaka amani kuliko wengi wetu, lakini ukishakata kichwa cha mstari, kilichobaki kinapakiwa kwenye chombo chochote kilichopo.

Na huwa inakatwa hivyohivyo karibu kila mahali, sikiliza mwaka huu utaona. Amani ipo, upendo upo, matumaini, nuru, familia, kuwakumbuka maskini. Sijawahi kusikia salamu za ikulu zinazosoma wimbo wa Mariamu mpaka mwisho: "Amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi, wanyonge amewakweza. Wenye njaa amewashibisha mema, wenye mali amewaondoa mikono mitupu." Na wala huo si mstari wa pembeni, ni binti mwenyewe aliyembeba Bwana ndiye anaimba, Krismasi yote iko tumboni mwake pale. Naelewa kwa nini mwandishi wa hotuba anauruka, ungekuwa wewe ungempa bosi wako asome hayo akiwa amekalia kiti chenyewe? Ila sisi makanisani nani anatuandikia? Mbona na sisi tunauruka, hasa mgeni rasmi akiwa amekaa mstari wa mbele.

Kuhusu wale wasiomtaja Yesu kabisa. Wapendwa tusiwe wepesi wa kununa. Nchi ina watu wa imani nyingi na wasio na imani, na kiongozi ni wa wote, lakini hata tukiacha hilo, kama mtu haamini, tunataka aseme tu ili turidhike? Amri ya tatu inasema "Usilitaje bure jina la BWANA, Mungu wako", na kulazimisha mtu alitaje bure ni kumsaidia kutenda kosa. Koreshi mfalme wa Uajemi Mungu alimwita masihi wake, akamwambia waziwazi kwenye Isaya 45 kwamba hukunijua, na bado alimtumia kuwarudisha watu nyumbani. Anayesema "heri ya sikukuu" na akatenda haki kwa mjane, mi naye sina ugomvi.

Kuna salamu moja lakini nikiisoma huwa inanigusa tofauti. Krismasi ya 1952, Elizabeth II, malkia wa Uingereza, alikuwa na miaka 26, baba yake amefariki Februari mwaka huohuo, kutawazwa rasmi ilikuwa mwaka unaofuata. Kwenye salamu zake za kwanza aliwaomba wasikilizaji, wa dini yoyote ile, wamwombee siku hiyo ya kutawazwa Mungu ampe hekima na nguvu za kutimiza ahadi atakazoziweka. Hakuwapa watu mstari, aliomba kitu kutoka kwao. Miaka mingi baadaye, 2011, aliongea waziwazi kabisa kwamba Mungu hakumtuma duniani mwanafalsafa wala jenerali bali Mwokozi mwenye uwezo wa kusamehe, na watu wengi wanaipenda hiyo, hata mimi, ingawa tukumbuke alikuwa pia kiongozi mkuu wa Kanisa la Uingereza kwa hiyo kumtaja Kristo halikuwa jambo geni kwake. Ila ile ya 1952 ndiyo naona imekaa karibu zaidi na Sulemani wa 1 Wafalme 3, anayesema mimi ni mtoto mdogo tu sijui kutoka wala kuingia.

Kwa hiyo wiki hii, salamu zikitoka, kabla hujaisambaza au kuilaani isome mara mbili halafu fungua Zaburi 72, ombi la watu kwa ajili ya mfalme, "atawahukumu walioonewa wa watu, atawaokoa wahitaji, atamseta mwenye kuonea", na umwombee kwa hayo maneno, kwa jina lake, awe kataja Yesu au hajataja. Pia 1 Timotheo 2:1-2 kwa wanaofunga Ijumaa. Wiki ijayo tunaingia kwa mzee Simeoni, Luka 2:25-35, someni mapema.