Baluni ya dirishani

Juzi asubuhi, na hii baridi yetu ya Julai, binti yangu amenijia jikoni na baluni ya bathdei iliyolala balkoni usiku kucha. "Mum, nani ametoa upepo?" Nikaibonyeza, kweli imelegea. Nikamwambia tuiweke dirishani tungoje jua.

Hapo ndo nikarudi fomu thri, ile siku ya karo.

Jina lilisomwa paredi nikatoka, lakini sikutaka kumpata mama nyumbani mapema hivyo na najua hana kitu, so nikazunguka nyuma ya maabara nikasimama dirishani. Mwalimu wa kemia alikuwa kwa sheria ya Charles, ile ya gesi kupanuka ikipata joto presha ikiwa ileile, anawaambia Gay-Lussac, mwanasayansi Mfaransa, ndiye aliichapisha 1802 lakini hakumnyima Charles jina lake, na hiyo sehemu aliirudia. Mezani kulikuwa na chupa ya soda, ya glasi, imevalishwa baluni nyekundu mdomoni, imelala ubavuni kama kitambaa kilicholoa. Akaisimamisha kwa beseni la maji ya moto, yanafuka. Kwanza hakuna kitu. Halafu baluni ikatikisika, ikainua kichwa pole pole, ikalala tena, ikainuka mpaka ikasimama wima, kama embe changa, na hakuna mtu amepuliza!

Akaniona. Nilidhani atanifukuza. Akabeba beseni lote mpaka dirishani, akafungua, akasema, "Shika." Ilikuwa na joto, laini, inasukuma vidole vyangu kidogo tu.

"Hewa mililita 300, kutoka digrii 20 mpaka 90, presha ni ileile. Itakuwa ngapi?"

Nikaandika na kidole kwa vumbi la kioo. Unaongeza 273 kwanza, digrii ziwe kelvini, la sivyo umepotea: 293, 363. 300 mara 363, gawanya kwa 293, nikapata karibu 372.

"Hizo 72 za juu ndizo umeshika," akasema, akarudi kufundisha.

Karo ilipatikana baada ya wiki mbili. Yeye alihamishwa muhula uliofuata, na mpaka leo sijui kama kunifungulia lile dirisha kulimletea shida, sikumuuliza, hata asante sikusema.

Saa nne jua likafika. Binti anagonga baluni na kucha, imekaza tena, anataka kujua upepo ulikuwa umeenda wapi. Haukuenda popote mama, nikamwambia, ulikuwa umejikunja tu na baridi.