Sindano za MS Marekani: dawa inazeeka, bei inanenepa

Mwenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo) anayeishi Marekani anaiogopa Januari kuliko mwenye karo. Desemba sindano zimetoka famasi kwa dola chache. Mwaka ukigeuka, hesabu ya ulichokwisha kutoa mfukoni kwenye bima inarudi sifuri na kiboksi kilekile cha mabomba ya sindano 12, dawa ya wiki nne tu, kinakuja na deni la maelfu.

Na dawa yenyewe si ngeni. Copaxone, yaani glatirama asetati, iliidhinishwa 1996. Ilipoingia sokoni 1997, dozi ya mwaka mzima haikufika dola 10,000. Kamati ya Bunge la Marekani ilipochunguza, ripoti yake ya 2020 ilionyesha kuwa kampuni ya Teva imeipandisha bei kwa awamu 27, hadi karibu dola 70,000 kwa mwaka. Piga hesabu hiyo kwa hela ya nyumbani, kisha utulie. Huko Ulaya, mwaka 2024 Teva ilitozwa faini ya yuro milioni 462.6 kwa kuchezea hataza (haki ya kuuza dawa peke yako) na kumchafulia jina mshindani. Halafu mtu anakwambia eti bei ni gharama za utafiti.

Jeneriki, yaani dawa ileile isiyo na jina la kibiashara, zipo: ya miligramu 20 tangu 2015, ya 40 tangu 2017. Mwombe daktari aandike glatirama asetati badala ya jina la kibiashara. Ila ya 20 huchomwa kila siku, ya 40 mara tatu kwa wiki, dozi zikipishana angalau saa 48. Usibadilishe moja kwa nyingine kwa hesabu zako mwenyewe.

Mtego mkubwa ni kadi ya punguzo ya kampuni ya dawa. Bima nyingi hupokea pesa ya kadi lakini haziihesabu kwenye kiasi unachopaswa kutoa mfukoni. Kadi inakauka katikati ya mwaka, unaanza upya kama vile hujalipa kitu. Piga simu bima, uliza: "Pesa ya kadi inahesabiwa au haihesabiwi?" Jibu lipate kwa maandishi. Mwenye Medicare (bima ya serikali ya wazee na walemavu) au Medicaid (ya wenye kipato kidogo) haruhusiwi kabisa kuitumia.

Ninyi mnaosubiri viza, msidanganywe na mshahara. Bima ya kawaida haiwezi kukukataa kwa ugonjwa uliokuja nao, lakini zile za bei poa za muda mfupi zinaweza, na wageni ndio wanaouziwa. Hata green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) ikiwa mkononi, wengi husubiri miaka mitano ndipo waguse Medicaid. Kabla ya kusaini ajira, omba orodha ya dawa za bima hiyo.

Marekani nayo ina lake zuri: hatari za dawa hazifichwi. Januari 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya huko, iliweka kwenye glatirama onyo lake zito kuliko yote, kwa sababu ya mzio wa kuua. Zilikusanywa kesi 82 duniani tangu 1996, sita zikaisha kwa kifo. Nyingi hutokea ndani ya saa moja baada ya kuchoma, na baadhi ziliwapata watu waliokwisha kuitumia zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mazoea si kinga.

Ugumu ni kwamba kuna mshtuko mwingine wa kawaida unaofanana nao: uso kuwaka, kifua kubana, moyo kwenda mbio. Huo hupita wenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache. Ukiona hali inazidi badala ya kupungua, uso au koo linavimba, vipele vinasambaa, au unataka kuzimia, piga 911, simu ya dharura. Usichome tena hadi daktari aseme.

Kuchoma kwenyewe kunataka subira. Toa bomba friji dakika 20 kabla, maana dawa ya baridi inauma. Kipovu cha hewa kiache. Ukikisukuma unamwaga dawa. Badilisha sehemu kila mara: tumbo, mapaja, nyonga, nyuma ya mkono. Ukikazania mahali pamoja, mafuta chini ya ngozi huyeyuka na kuacha shimo lisilorudi.

Kwa safari ya nyumbani, sindano hukaa nje ya friji mwezi mmoja tu, joto lisipite nyuzi 30. Zikiganda, tupa. Zibebe kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari, kamwe si kwenye mizigo ya chini ya ndege.