Maua ya Wudaokou

Juzi usiku binti yangu alinifuata sebuleni na simu mkononi. "Baba, X haifunguki mpaka niwashe VPN. Imekufa?" Nikamjibu haijafa, huo mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter umefungwa hapa Tanzania tangu Mei 2025. Akabaki amesimama, kile kiduara cha kusubiri kikizunguka kwenye kioo. "Sasa mbona hawaandiki hapa kwamba wameifunga?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka msichana mmoja wa Beijing aliyewahi kulia mbele yangu kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi.

Mnaokumbuka barua zangu za Wudaokou, mtaa wa Beijing nilikokaa bwenini, mnajua mwaka 2009 ulikuwaje huko China. Machi YouTube ikatoweka. Julai, baada ya machafuko ya Urumqi, mji mkuu wa jimbo la Xinjiang, Facebook na Twitter zikafuata, na Xinjiang nzima ikakatiwa intaneti kwa karibu miezi kumi. Mwezi huohuo kaka aliniandikia kutoka Dar kwa furaha kwamba mkonga wa intaneti wa chini ya bahari, SEACOM, umewashwa. Kwao mlango ulikuwa unapanuliwa, kwetu unasindikwa. Barua ile niliisoma mara tatu.

Bwenini tulisema fanqiang, yaani kuruka ukuta, ule wa vizuizi vya mtandao, na tulilisema kama mtu anayeaga kwamba anakwenda dukani. Aliyefutiwa maandishi yake alisema yameliwa na kaa wa mtoni. Kaa huyo, hexie, jina lake linakaribiana kwa sauti na neno la "maelewano", kaulimbiu ya serikali wakati ule. Basi picha za kaa zikajaa kila mahali na hakuna aliyeweza kusema umetukana. Mimi nimelelewa na mama mwenye sanduku zima la kanga. Fumbo la namna hiyo sikuhitaji kutafsiriwa.

Halafu ikaja tarehe 13 Januari 2010. Asubuhi ile tuliamka na tangazo: Google imeshambuliwa, akaunti za Gmail za watetezi wa haki za binadamu wa China zimelengwa, na kampuni haiko tayari tena kuchuja majibu ya google.cn, ukurasa wake wa China, kama ilivyokuwa ikifanya tangu 2006, hata ikibidi kufunga. Ofisi yao ilikuwa karibu na tulipokaa, kwenye majengo ya sayansi ya Tsinghua. Jioni nikavaa makoti mawili, nikaenda kwa miguu.

Kile kibao chenye herufi za rangi kilikuwa kimewekewa maua. Mengine meupe na ya manjano, yale Wachina wanayopeleka msibani. Kulikuwa na mishumaa, na karatasi zilizoandikwa kwa mkono jina la Kichina la Google, Guge, ambalo kwa herufi zake ni wimbo wa nafaka. Watu walikuwa wachache na hakuna aliyepaza sauti. Walifika, wakainama, wakaweka ua, wakarudi nyuma hatua mbili tatu na kusimama, vilevile tunavyosimama kwetu baada ya kutupia udongo kaburini, kila mtu akingoja mwenzake aanze kuondoka.

Msichana mmoja wa umri wangu alikuwa amechuchumaa, mshumaa wake unazimwa na upepo kila akiuwasha. Akanitazama. "Tongxue," yaani mwanafunzi mwenzangu, "hebu niwekee mikono hapa." Nikachuchumaa, nikavua glavu, nikaukinga mshumaa kwa viganja. Kiberiti cha tatu kikashika. Nakumbuka joto lile dogo katikati ya viganja na ganzi ya migongo ya mikono, na nta iliyonidondokea kwenye kidole gumba nisijaribu kuutoa mkono.

"Unajua nitakosa nini?" akasema, macho kwenye moto. "Ule mstari wa chini."

Nilimwelewa. Ukitafuta jambo lililokatazwa kwenye google.cn, chini ya ukurasa kulikuwa na maandishi madogo: kwa mujibu wa sheria, kanuni na sera za hapa, baadhi ya majibu hayakuonyeshwa.

"Angalau nilikuwa najua kuna kitu," akasema. "Wakiondoka, nitajuaje kwamba sijui?" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa koti.

Mlinzi akaja, mtu mzima, kofia imefunika masikio. Maua yanahitaji kibali, alisema. Msichana akamwita shifu, yaani fundi, kwa adabu, akamwomba auache mshumaa uishe wenyewe. Mzee aliangalia mshumaa, akaniangalia mimi mgeni niliyechuchumaa pale, akaondoka. Tukabaki hadi ulipozimika. Siku zilizofuata maneno "kuweka maua kinyume cha sheria" yalizagaa kwenye mitandao yao yote. Msichana yule sikumwona tena, wala jina sikumwuliza.

Usiku wa kuamkia Machi 23 google.cn ikaanza kuwapeleka watu kwenye ukurasa wa Hong Kong. Mwishoni mwa 2014 hata Gmail ikafungwa, lakini mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani.

Nilipomsimulia kaka wakati ule, alinijibu kwamba mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa, bandiko la nini? Tulibishana kwa barua wiki nzima. Niliona bandiko ni heshima ya mwisho anayobakiziwa mtu aliyefungiwa. Yeye aliona ni ufungaji uleule uliovalishwa nguo safi, na kwamba aliyeuandika mstari ule ndiye aliyekuwa akichuja. Bado sina hakika kwamba alikosea.

Juzi nilimwambia binti yangu alete daftari. Nikamwandikia mstari ule kwa Kichina, herufi moja moja, nyingine nikizifuta na kuzirudia. Akauliza ni wapi palipoandikwa "hayakuonyeshwa". Nikamwonyesha. Akaweka kidole hapo, akakiacha.